Wakuu wa Kusini, hiki kifua cha msimu wa salfa ni salfa kweli au tunaisingizia?

#1 MwanaWaKitangari
Habari za jioni wakuu. Niko Newala vijijini. Kila mwaka mikorosho ikianza kutoa maua na mashine za kupulizia salfa, ule unga wa njano wa kukinga maua na magonjwa, zikianza kunguruma alfajiri, huku kwetu ni kikohozi nyumba kwa nyumba. Watoto wanakohoa, wazee wanakohoa, hata mbuzi nawasikia wanakohoa.

Mwaka huu limenifika ndani. Mama watoto anabanwa usiku, anaamka anakaa kitako ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, kifua kinapiga filimbi. Zahanati wanampa vidonge vya rangi mbili na piriton, anapata nafuu kidogo, halafu yaleyale. Msimu ukipita huyo huyo anapandisha na ndoo ya maji kichwani kutoka bondeni na anaimba.

Baba mkwe anasema salfa. Mama mzazi anasema baridi ya kusi. Jirani anasema kimeo kimerefuka, akakatwe. Mimi nimebaki katikati. Wenye uzoefu tusaidiane.

#2 Kangomba Mstaafu
Hao mbuzi walipimwa wapi mkuu? 😂
Ni salfa. Uzi ufungwe.

#3 Kusi Kaskazi
Usifungwe. Mama mzazi yuko sahihi. Kikohozi cha mwezi wa sita na wa saba kule juu kilikuwepo kabla hata babu zetu hawajaijua hiyo salfa. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, kusi likianza kuvuma ukungu unakaa mpaka jua limepanda. Watu wanafanyaje? Wanafunga dirisha, wanaziba matundu kwa gunia, wanawasha moto humo humo ndani, wanalala sita chumba kimoja. Mmoja akiwa na mafua asubuhi, jioni wote wanayo. Salfa inaonekana kwa sababu ni ya njano na inanuka. Kirusi hakinuki.

#4 Pweza wa Msimbati
Sisi wa pwani hatuna huo ukungu na tunakohoa vilevile. Elezea hapo.

#5 Kusi Kaskazi
@Pweza wa Msimbati nyie mnakaushia samaki kwa moshi, mnataka kifua cha nani?

#6 Tabibu Kijijini
Mleta mada pole. Mimi ni tabibu, nimefanya kazi zahanati za vijijini huku huku. Kabla ya kujibu nina maswali. Anabanwa zaidi saa ngapi? Filimbi inalia akivuta pumzi au akitoa? Amekonda? Usiku anatoka jasho la kuloesha shuka? Ana homa za jioni? Kwao kuna mwenye pumu, au wa kupiga chafya mfululizo kila asubuhi, au mwenye ukurutu wa ngozi?

Nauliza kwa sababu kifua kinachokuja na kuondoka, kikabana usiku wa manane na alfajiri, kikalia filimbi wakati wa kutoa pumzi, halafu katikati mtu akawa mzima kabisa, cha kwanza kukiwaza ni pumu. Katika pumu njia za hewa zinavimba kwa ndani, misuli inayozizunguka inajikaza, ute unajaa. Hewa inaingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi. Vumbi la salfa linaweza kulianzisha hilo, baridi inaweza, moshi unaweza, mafua ndiyo usiseme. Kwa hiyo mkwe na mama wote wawili wanaweza kuwa na haki yao, maana wanazungumzia kinachochokoza. Ugonjwa wenyewe hawajautaja.

Vidonge vya rangi mbili haviponyi pumu hata ale debe zima. Ile nafuu ni shambulio linaisha lenyewe.

Na kitu kimoja nisisitize: anayekohoa wiki mbili au zaidi apimwe makohozi ya TB. Iwe msimu wa salfa, iwe masika.

#7 MwanaWaKitangari
@Tabibu Kijijini shukrani sana. Ni saa nane, saa tisa za usiku. Filimbi anapotoa pumzi. Hajakonda, jasho hakuna. Marehemu bibi yake mzaa mama alikuwa na pumu, hilo nakumbuka. Ila wakisema inhela, ile dawa ya kupulizia mdomoni, naogopa, huku wanasema ukishaianza haiachiki, na ukiona mtu kapewa ujue yuko mwishoni.

#8 Mama Wawili
Hiyo imani ya inhela ndiyo inayotumaliza. Mwanangu wa kwanza ana pumu tangu ana miaka mitatu. Mama mkwe alinificha inhela juu ya kabati eti mtoto atazoea. Siku amebanwa tunaitafuta nyumba nzima, mbavu zinaingia ndani, midomo imeanza kubadilika rangi, ndipo naye akaipanda stuli akaitoa. Tangu siku hiyo anaijua kazi yake kuliko mimi.

Wengi wanapulizia vibaya, dawa inaishia ulimini. Kwa mtoto chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, safi na kavu, toboa tundu kitakoni lienee mdomo wa inhela kwa kubana, ziba pembeni kwa gundi au plasta. Mtoto anaweka mdomo wa chupa kinywani, unabonyeza mara moja, anavuta na kutoa pumzi taratibu mara tano sita. Kisha unarudia dozi ya pili. Nesi ndiye aliyenifundisha, spesa ya dukani, kile kichupa cha kuunganisha inhela na mdomo, sikuipata mji mzima.

#9 Tabibu Kijijini
@Mama Wawili umeeleza vizuri. Hiyo chupa si ujanja wa mtaani tu, watafiti Afrika Kusini waliilinganisha na spesa za kiwandani kwa watoto wenye pumu na ikafanya kazi vizuri. Ukipenda, ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta, chaji ya umeme ya plastiki inapungua na dawa hainati ukutani.

Niongeze. Inhela ni za aina mbili na watu wanazichanganya. Ya bluu, salbutamol, inafungua njia za hewa ndani ya dakika chache lakini uvimbe haigusi. Ile ya kutumia kila siku, mara nyingi ya kahawia, ndiyo inayotuliza uvimbe. Mwongozo wa kimataifa wa pumu tangu 2019 hautaki tena mtu mzima ategemee ya bluu peke yake. Huku kwetu wengi wana ya bluu tu, tena moja, inazunguka ukoo mzima.

#10 Mpiga Salfa
Sasa msikilizeni anayeipuliza. Mimi ndiyo kazi yangu, napigia watu mashamba kwa malipo ya mti. Tunaanza saa kumi alfajiri wakati majani yana umande na upepo umelala, unga unate kwenye maua. Mashine iko mgongoni, injini inatetemesha mbavu, bomba mkononi unalielekeza juu kwenye mwamvuli wa mkorosho. Wingu la njano linapanda halafu linashuka. Linashukia wapi? Juu yangu. Likikutana na jasho machoni, ni pilipili. Ukipenga kamasi ni njano mpaka jioni, ukitema ni njano, shati likifuliwa maji ni njano. Usiku wa kwanza wa msimu kifua kinabana kila mwaka, ikifika wiki ya pili mwili unazoea.

Tunajifunga kanga puani na tunakunywa maziwa tukimaliza. Maziwa yanaisafisha.

#11 Nesi wa Zamu
@Mpiga Salfa pole kwa kazi. Lakini maziwa yanakwenda tumboni, salfa iko kifuani, hawakutani popote. Kunywa kwa sababu unayapenda. Na hilo la "mwili unazoea" nalitilia shaka, pengine ni pua iliyochoka kunusa.

#12 Mwalimu wa Nachi
Nimeingia kwa kuchelewa, vipindi vilikuwa vingi. Ubishi wa salfa una pa kuanzia. Mwaka 2017 ulitoka utafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Walifuatilia watoto wa bonde la Salinas, eneo la vibarua wa mashambani ambako salfa inapigwa kwa wingi. Watoto waliokaa karibu na mashamba hayo, ndani ya kilomita moja au pungufu, mapafu yao yalipimwa wakiwa na miaka saba, yakawa na nguvu ndogo zaidi pale salfa ilipotumika zaidi. Dalili za pumu na matumizi ya dawa zake navyo vikapanda.

Kilomita moja, wakuu. Sisi nyumba ziko ndani ya shamba, mkorosho wa kwanza uko mlangoni pa jiko.

#13 Kangomba Mstaafu
Si nilisema uzi ufungwe tangu #2.

#14 Mwalimu wa Nachi
@Kangomba Mstaafu hapana, soma tena. Utafiti huo unaonyesha vitu viwili vinakwenda pamoja, haujathibitisha kwamba kimoja ndicho kilicholeta kingine. Na salfa ni moja ya dawa za zamani kabisa za kilimo, hata wanaolima bila kemikali za viwandani wanaruhusiwa kuitumia. Ndiyo maana watu waliiona haina neno.

#15 Kusi Kaskazi
Asante Mwalimu. Na hao watoto wa California hawapikiwi kwa mafiga matatu chumba cha kulala. Ukitaka kuijua salfa peke yake kwetu, kwanza utoe moshi. Utautoaje?

#16 Mzee Njugumawe
Vijana mnazunguka sana. Kikohozi kisichosikia dawa ni kimeo. Mimi nilikatwa nikiwa mdogo na wanangu wote nimewakata, hakuna anayekohoa. Kuna fundi kule Mtama mkono wake mwepesi.

#17 Nesi wa Zamu
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, hapo sikubali. Kile kidaka tonge kila binadamu anacho. Mtu akikohoa wiki kadhaa koo zima linavimba, na chenyewe kinavimba, ukiangalia unakiona kirefu. Ni kikohozi kilichokivimbisha. Nimempokea zamu ya usiku mtoto aliyekatwa na mwenye mkono mwepesi, damu haikatiki, mama kashika beseni. Kuna wanaopata pepopunda, na kile kiwembe hujui kimetoka koo la nani. Halafu nimonia yake ikabaki palepale kwa sababu haikuwa kooni.

#18 Mzee Njugumawe
Marahaba binti. Wanangu wazima wote.

#19 Pweza wa Msimbati
Mzee Njugumawe kamaliza kiutu uzima 😂

#20 Mchimbaji Ruangwa
Naomba nitoke nje ya salfa kidogo. Kaka yangu alikuwa machimboni, kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Vumbi jeupe, mtu anatoka kama kapakwa unga. Alikohoa tukasema vumbi. Msimu wa korosho ukaja akapulizia shamba letu, akakohoa zaidi tukasema salfa. Kila wakati tulikuwa na sababu mkononi. Suruali zikaanza kumvuka, akawa anafunga kamba. Damu hakuwahi kutema, ndiyo maana hatukuwaza TB, tulijua TB lazima damu. Alipopimwa ikaonekana, na daktari akasema mapafu yana pia makovu ya vumbi la mawe, hayo hayaponi, na ndiyo yanayoipa TB nafasi.

Amemaliza miezi sita ya dawa. Anatembea, ila kilima cha nyumbani anakipumzikia katikati.

#21 Tabibu Kijijini
@Mchimbaji Ruangwa pole, na hongera kwa kumaliza dozi. Uzoefu wako una faida kuliko darasa langu. Wengi wenye TB hawatemi damu. Vumbi la silika, hilo la mawe, na TB ni ndugu, kila mchimbaji anayekohoa apimwe hata kama ni wiki yake ya kwanza.

Vipimo na dawa za TB ni bure kwenye vituo vya serikali. Dawa ni miezi sita, miwili ya kwanza dawa nne, minne inayofuata dawa mbili. Mkojo utageuka wa rangi ya chungwa au wekundu, hiyo ni rangi ya dawa, wasikutishe. Kosa kubwa ni kuacha mwezi wa pili kwa sababu umepata nguvu.

#22 Ming'oko na Chai
TB si ya kurithi? Kwetu kuna ukoo wanaitwa "wa kifua" na hawaolewi kirahisi.

#23 Mwalimu wa Nachi
@Ming'oko na Chai daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza kimelea cha TB tarehe 24 Machi 1882, mpaka leo kuna koo zinanyimwa wake. Ni bakteria, inasafiri kwa hewa. Ukoo mmoja unaugua kwa sababu wanalala nyumba moja.

#24 Ming'oko na Chai
Nimeelewa mwalimu. Lakini si tumechanjwa sote, ile alama ya begani?

#25 Nesi wa Zamu
BCG inawakinga hasa watoto wadogo na TB kali, ile ya homa ya uti wa mgongo na ya kusambaa mwilini. Ya mapafu kwa mtu mzima haiizuii sana. Alama begani isikupe kiburi.

#26 Pweza wa Msimbati
Nilisikia kuna panya Morogoro wananusa makohozi na kutambua TB. Ni kweli au stori za vijiweni?

#27 Mwalimu wa Nachi
Kweli kabisa. Ni panya buku, mradi wa shirika la APOPO ulioko SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, ndio hao hao wa kutambua mabomu ya ardhini. Wanapitia sampuli nyingi kwa muda mfupi, wanazozikwaruza zinapimwa tena maabara.

#28 Kangomba Mstaafu
Sisi Wamakonde tulikuwa tunawala bila kujua ni madaktari. Tuombe radhi.

#29 Mama Wawili
Mod anaona lakini 😂😂

#30 Shangani Mashariki
Mimi ni mtumishi, niko mjini, shamba sina, salfa naiona kwenye picha. Nilikohoa kikavu miezi na miezi, kikohozi cha kukwaruza koo, hasa nikiongea. Nimekunywa tangawizi, limau, vitunguu saumu, mpaka nanukia kachumbari. Nikapima TB hakuna, picha ya kifua safi. Daktari mmoja kijana akaniuliza natumia dawa gani nyingine. Nikamwambia enalapril ya presha. Akacheka, akaibadilisha. Kikohozi kikapungua kidogo kidogo mpaka kikaisha.

Kwa hiyo wazee wenye presha mnaosingizia vumbi la bandarini, angalieni na kabati la dawa.

#31 Tabibu Kijijini
Ni kweli, kundi hilo la dawa, kaptopril na enalapril, linaweza kukohoza mtu mmoja katika kumi hivi. Lakini msiache dawa ya presha wenyewe kwa sababu ya uzi huu. Anayebadilisha ni daktari.

#32 Kilwa Kivinje
Mmetaja salfa, baridi, kimeo, panya. Hakuna aliyetaja jiko kwa uzito wake zaidi ya Kusi Kaskazi. Mama yangu hajawahi kuvuta sigara hata moja. Amepika kwa kuni maisha yake yote, jiko la makuti lenye mlango mmoja. Sasa ana miaka sitini na kitu, akitembea kutoka kitandani mpaka mlangoni anashika nguzo. Tulitibu pumu weee. Alipofika hospitali ya rufaa wakampulizisha kwenye mashine, wakasema ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule tuliozoea kuusikia kwa wavuta sigara. Tofauti na pumu ya mke wa mleta mada, huu hauondoki msimu ukiisha. Unapanda ngazi tu, haushuki.

Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Sisi tunagombana na salfa ya miezi mitatu, moshi tunaula mara tatu kwa siku.

#33 Kusi Kaskazi
Umemaliza mkuu. Na kuni zenyewe huku ni matawi ya mkorosho. Ongeza na wale wanaokaanga korosho kwa moto wazi, lile ganda likishika moto mafuta yake yanalipuka na moshi wake ni hatari. Ukipita upande ule macho yanatoka machozi na koo linawaka siku nzima.

#34 Ming'oko na Chai
Gesi basi. Si serikali ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia 2024, asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034?

#35 Mama Wawili
Mtungi wa kwanza nilipewa bure. Wa pili ndio wenye maneno. Kuni naokota, gesi nanunua. Kwa sasa gesi ni ya chai na mayai, maharage na makopa yanarudi kwenye kuni, ila jiko nimelihamishia nje chini ya mwembe. Hilo halikunigharimu kitu.

#36 Mpiga Salfa
Nimesoma yote. Bado nasema mimi kifua kinabana siku nikipuliza, nisipopuliza hakibani. Hamuwezi kuniambia ni jiko.

#37 Tabibu Kijijini
@Mpiga Salfa wala sikukatalii. Kwako wewe ushahidi uko wazi kuliko kwa mtu mwingine yeyote humu, unavuta dozi ambayo jirani havuti. Ila tenganisha vitu viwili. Unga wa salfa unawasha macho, ngozi na njia za hewa, haukai kwenye damu kama wanavyosema. Dawa za maji ni habari nyingine, hasa zile za kuulia mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi. Baadhi yake zinabana kifua, zinatoa mate na machozi mengi, jasho, kichefuchefu, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano. Hapo hakuna kusema mafua. Vua nguo, oga kwa sabuni, kimbia hospitali na beba chupa ya dawa waione jina.

Na usichome mifuko ya salfa kupata moto wa asubuhi, nimewaona vijana. Salfa ikiungua inatoa gesi inayobana kifua vibaya sana, mwenye pumu anaweza asifike barabarani.

#38 Mpiga Salfa
Hilo la mifuko tunalifanya kila siku. Sawa.

#39 Kangomba Mstaafu
Mkiacha salfa, ubwiriunga, ule ugonjwa ambao salfa inauzuia, ukikaanga maua, mnada wa kwanza mtauza nini? Kikohozi? Ghalani hawapokei kikohozi.

#40 Mwalimu wa Nachi
Hakuna aliyesema tuache. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wana mbegu za mikorosho zinazovumilia magonjwa kuliko ya zamani, na mti uliopogolewa vizuri hewa inapita. Unga unaotumika unapungua.

#41 Kangomba Mstaafu
Mti wa kupogolewa na wa kupandwa upya unazaa lini mwalimu? Ada ya mtoto ni Januari.

#42 Dada wa Chikongola
Samahani wakuu naingilia. Mwanangu ana miezi minane, anakohoa tangu juzi na leo anapumua harakaharaka. Bibi yake anataka kumpa tone la mafuta ya taa na asali. Nipeni jibu la haraka.

#43 Nesi wa Zamu
Mafuta ya taa HAPANA. Yakipaliwa yanaingia kwenye mapafu na kuyaunguza, anapata nimonia ya pili juu ya ya kwanza. Asali HAPANA chini ya mwaka mmoja, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto wa umri huo haliwezi kuvimudu. Nyungu pia usimfukize, wanaungua.

Mvue shati, akiwa ametulia halii, hesabu anavyopandisha tumbo dakika nzima huku ukiangalia saa. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni haraka. Miezi miwili mpaka kumi na moja, 50 au zaidi. Mwaka mmoja mpaka mitano, 40 au zaidi.

#44 Dada wa Chikongola
58. Na chini ya mbavu panabonyea.

#45 Nesi wa Zamu
Ondoka sasa hivi, usisubiri asubuhi. Panda bodaboda au bajaji, mbebe wima kifuani, mnyonyeshe kama anataka. Akigoma kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, waambie pale mlangoni, usipange foleni. Beba kadi ya kliniki waone kama chanjo ya nimonia alimaliza, ile ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

#46 Tabibu Kijijini
Naunga mkono, nenda. Kubonyea kifua hakusubiri.

#47 Mama Wawili
@Dada wa Chikongola kama uko peke yako na usafiri hamna njoo pembeni, mume wangu ana bajaji, tuko karibu na soko.

#48 Dada wa Chikongola
Tumeshapata. Tupo kwenye oksijeni. Asanteni, nitaandika baadaye.

#49 Kusi Kaskazi
Alhamdulillah. Wengine tulikuwa tunacheza tu humu.

#50 Mzee Njugumawe
Mungu amjalie mtoto. Hiyo chanjo ya nimonia imeanza lini? Wanangu hawakupata.

#51 Nesi wa Zamu
Ilianza kutolewa nchini 2013, mzee. Haizuii nimonia zote, inazuia aina kadhaa za kimelea kimojawapo kinachoongoza. Ndiyo maana aliyechanjwa akipumua haraka bado anapelekwa.

#52 MwanaWaKitangari
Wakuu nafuatilia. Jumatatu tunakwenda hospitali ya Ndanda. Mama bado anasema baridi, nimemnunulia sweta mama watoto ili pasiwe na kesi nyumbani.

#53 Kusi Kaskazi
Sweta ni uamuzi wa busara 😂

#54 Mpiga Salfa
Swali la mwisho kabla mod hajaufunga. Nikitaka kinga ya kweli niulizie nini dukani? Barakoa za corona nilizitumia, zinaloa jasho, unga unaingia pembeni.

#55 Shangani Mashariki
Uliza barakoa ya N95 kwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi au vya afya. Inakamata chembe ndogo angalau asilimia 95 ikikaa vizuri usoni, yenye kamba mbili za nyuma ya kichwa. Ikiloa au ikiwa nzito kuvuta hewa, badilisha. Miwani ya kuziba macho nayo. Ila kwa ile picha yako ya wasifu, hizo ndevu lazima unyoe, hewa ikipita pembeni umetupa hela.

#56 Mpiga Salfa
Ndevu sinyoi mkuu. Bei yake shilingi ngapi?